Mwaka wa Maembe na Mwaka wa Majani

Mwalimu mwenzangu unayejiandaa kwenda kufundisha shule ya msingi, yaelekea utakuta mwembe katika uwanja wa shule utakayopangiwa. Watoto watakuwa wakicheza kivulini mwake, na huenda nawe ukafundishia hapo siku ya joto kali. Na siku moja mtoto atakuuliza: "Mwalimu, mbona mwaka jana mwembe huu ulizaa hata matawi yakainama, na mwaka huu hauna kitu?" Makala haya yahusu swali hilo na namna ya kulipokea. Nasema kulipokea, wala si kulijibu, kwa sababu naamini kuwa wengi wetu tumelijibu upesi mno.

Mimi niliulizwa swali hilo nikiwa katika mwaka wangu wa pili wa kazi. Nilijibu bila kusita kwamba mvua hazikuwa nzuri. Aliyeuliza, msichana wa darasa la tano, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Lakini Mwalimu, upande wa jikoni umezaa." Niligeuka nikatazama. Ilikuwa kweli. Tawi kubwa lililoelekea jiko la shule lilikuwa na maembe, na sehemu nyingine zote za mti zilikuwa na majani matupu. Mvua haiwezi kunyeshea upande mmoja wa mwembe ikauacha mwingine. Darasa likacheka, nami nikaona ninachekwa mimi; nikamwambia akae chini aache ujuaji. Alikaa. Sikumbuki kama aliuliza swali jingine mwaka ule.

Tangu siku hiyo nimeliwaza sana jambo hili, na maoni yangu ni haya. Swali la mti kuzaa mwaka mmoja na kukosa mwaka mwingine halifai kufundishwa kwa jibu la sentensi moja. Yafaa lifundishwe kama uchunguzi unaoandikwa na kurithishwa kutoka darasa hadi darasa, kwa kuwa mwendo wa mti ni mrefu kuliko mwaka wa shule. Mwalimu anayelifunga swali hili siku lilipoulizwa huwanyima watoto mojawapo ya mafunzo makubwa ya sayansi, nalo ni kwamba yako mambo ambayo hayajulikani ila kwa kungoja na kuandika.

Mambo ambayo mwalimu hana budi kuyajua

Kungoja hakumwondolei mwalimu wajibu wa kujua. Na tuanze na mwembe wenyewe. Maua ya mwembe hutokea kwenye ncha za matawi yaliyokwisha kukomaa. Tawi lililobeba maembe msimu mzima limetumia chakula kingi kujaza matunda. Aghalabu huchelewa kuchipua upya, na machipukizi yake huwa bado machanga wakati wa maua unapofika tena. Kwa hiyo tawi hilo hutoa majani. Tawi la jirani ambalo halikuzaa limepata nafasi ya kukua na kujiwekea akiba, nalo huchanua. Hivyo ndivyo mwembe mmoja unavyoweza kuwa na mwaka wa maembe upande mmoja na mwaka wa majani upande wa pili. Msichana yule alikuwa ameona kwa macho yake ushahidi ambao mimi mwalimu wake sikuutazama.

Akiba ya chakula si sababu pekee. Matunda machanga, hasa mbegu zilizomo ndani yake, hutoa vichocheo vinavyozuia machipukizi ya maua ya msimu ujao yasiundike. Jambo hili lilichunguzwa katika miti ya matufaha. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 1967 yalionyesha kuwa matunda yasiyo na mbegu hayakuzuia maua ya mwaka uliofuata kama yalivyozuia matunda yenye mbegu. Hapo pana fundisho zuri: mti haukuchoka tu, bali ulipelekewa habari na mbegu zake wenyewe.

Mbuni nao una tabia ya namna hii. Kahawa huzaa kwenye sehemu ya tawi iliyokua msimu uliotangulia. Mwaka wa mavuno makubwa chakula huenda kwenye buni, matawi mapya hukua kidogo, na mwaka unaofuata mahali pa kuzalia huwa haba. Ndiyo maana mkulima hodari hupogoa: hupunguza matawi ili mti usizae kupita nguvu zake mwaka mmoja ukakosa mwingine. Watoto wa wakulima wa kahawa wamewaona wazazi wao wakifanya kazi hiyo. Kazi ya mwalimu ni kuwasaidia waone sababu yake.

Miti inapozaa kwa pamoja

Hadi hapa tumesema habari za mti mmoja mmoja. Sasa na tuvuke bahari hadi Unguja na Pemba tutazame mikarafuu. Kila anayejua biashara ya visiwa hivyo anajua kuwa mavuno ya karafuu hayalingani. Mwaka mmoja huweza kuwa mara kadhaa ya mwaka mwingine, na vuno kubwa hufuatwa na vuno dogo. Lakini hebu tufikiri. Kama kila mkarafuu ungefuata mwendo wake peke yake, iliyozaa ingefidia isiyozaa, na jumla ya kisiwa kizima ingekaribia kulingana kila mwaka. Kwa kuwa hailingani, lazima kiwepo kitu kinachoifanya miti mingi iende pamoja. Hapa ndipo mvua na ukame vinapopata nafasi yao. Hali ya hewa hugusa miti yote kwa wakati mmoja. Msimu mmoja mbaya, au mmoja mwema sana, huianzisha yote katika hatua moja, na baada ya hapo uchovu wa kila mti huendeleza mwendo ule.

Basi jibu langu la mvua halikuwa uongo mtupu. Lilikuwa sehemu ya jibu iliyowekwa mahali pasipo pake. Mvua yaweza kueleza kwa nini miembe ya kijiji kizima imekosa. Haiwezi kueleza kwa nini tawi la jikoni limezaa.

Iko miti ambayo tabia hii imekuwa kubwa zaidi. Katika misitu ya Ulaya mialoni, na pia miti iitwayo kitaalamu Fagus sylvatica, hupitisha miaka kadhaa ikitoa mbegu chache, kisha mwaka mmoja miti ya eneo kubwa hutoa mbegu kwa wingi ikafunika ardhi. Katika misitu ya Borneo na Malesia miti mirefu ya mbao ya familia ya Dipterocarpaceae, ya aina nyingi mbalimbali, huchanua kwa pamoja baada ya vipindi visivyo sawa, tangu miaka 2 hadi 10. Hapo mtoto mwerevu atauliza swali la pili: mti unapata faida gani kwa kuzaa hivyo?

Mwalimu na atenganishe maswali haya mawili. Swali la kwanza ni la njia: mambo gani ndani ya mti na nje yake yanauzuia au kuusukuma uzae? Tumekwisha kuligusa. Swali la pili ni la faida: kwa nini tabia hiyo imedumu vizazi na vizazi? Wataalamu wametoa majibu mawili makuu. La kwanza ni la chavua. Miti inayochavushwa kwa upepo hufanikiwa zaidi ikichanua yote pamoja kuliko mmoja ukichanua peke yake. La pili ni la walaji wa mbegu, nalo laweza kufundishwa kwa kopo la maharage.

Chukua mfano huu. Tuseme panya na wadudu wa msitu mmoja waweza kula mbegu 1,000 kwa mwaka. Mti wa kwanza hutoa mbegu 1,000 kila mwaka. Baada ya miaka 4 umetoa mbegu 4,000, na zote zimeliwa. Mti wa pili hutoa mbegu 100 kwa kila mwaka katika miaka 3 ya kwanza, na katika mwaka wa 4 hutoa 3,700. Jumla ni ileile, 4,000. Lakini zilizoliwa ni 300 za miaka mitatu, na 1,000 za mwaka wa nne. Zimebaki mbegu 2,700 za kuota. Isitoshe, katika miaka mitatu ya njaa walaji wenyewe hupungua, basi zinazobaki huweza kuwa zaidi. Wape watoto maharage, wagawe vikundi vya "miti" na kikundi cha "panya", uwaache wahesabu wenyewe. Hesabu hiyo haizidi uwezo wa darasa la nne.

Lakini angalia lugha yako. Usiseme "mti umeamua kupumzika" wala "miti imekubaliana kuwadanganya panya". Mti hauamui wala haufanyi baraza. Sema kwamba miti iliyokuwa na tabia hiyo iliacha watoto wengi kuliko isiyokuwa nayo, na watoto wale wakairithi. Na usichukue faida ya miti ya msituni ukaibandika moja kwa moja kwenye mwembe wa shule. Mwembe huo umechaguliwa na kupandwa na watu kwa ajili ya utamu wa maembe yake. Kwake swali la njia lina kazi kubwa kuliko swali la faida.

Hasara ya kudharau aliyeona

Mtu aweza kudhani kuwa mambo haya ni ya kupitishia wakati tu. Sivyo. Katika milima ya Mizoram, kaskazini mashariki ya India, iko aina ya mianzi iitwayo Melocanna baccifera. Mianzi hiyo huchanua kwa pamoja kila baada ya miaka 48 hivi, huzaa mara hiyo moja tu, kisha hufa. Matunda yake huwa mengi mno, panya hula na kuzaana, na matunda yanapokwisha panya hao huvamia mashamba ya mpunga na maghala. Hivyo ndivyo ilivyokuwa miaka ya 1911 na 1912.

Wazee wa huko walikumbuka. Mwaka 1958 baraza la wilaya yao lilipitisha azimio la kutahadharisha kuwa njaa inakuja, likaiomba serikali ya jimbo la Assam, ambalo wakati huo ndilo lililowatawala, fedha za kujitayarisha. Ombi halikukubaliwa, tahadhari ile ilionekana kuwa ni imani za kienyeji. Mwaka 1959 mianzi ilikuwa imechanua, panya wakaja, na njaa ikawapata watu. Mianzi ilipochanua tena katika miaka ya 2006 na 2007, safari hiyo wakuu walikuwa na tarehe zilizoandikwa, na matayarisho yalifanywa mapema, hata watu wakalipwa kwa kila mkia wa panya. Hasara haikukosekana, lakini hapakuwa na mtu wa kusema kuwa wazee wanaota ndoto.

Kila nisomapo habari hiyo namkumbuka msichana wa darasa la tano. Ofisa aliyelikataa ombi la wazee na mwalimu aliyemwambia mtoto akae chini walikosea kosa moja: walipima ukweli wa neno kwa cheo cha msemaji, badala ya kuinuka wakatazame.

Vivyo hivyo na mila zetu wenyewe. Katika sehemu nyingi watu huuchanja kwa panga mwembe usiozaa, wakisema unatiwa adabu. Usiwacheke mbele ya watoto wao. Mkato wa ganda huzuia chakula kilichotengenezwa na majani kisishuke mizizini, kikabaki juu, na jambo hilo laweza kweli kusaidia mti kuchanua. Lakini usiisifu mila hiyo pia: kidonda ni mlango wa magonjwa, na mti uliokatwa ganda pande zote hufa. Mueleze mtoto yote mawili. Na mueleze kwamba mwembe uliochanjwa baada ya mwaka wa majani ungeweza kuzaa mwaka unaofuata hata kama usingechanjwa. Ili kujua panga limefanya kazi gani, yapasa kuwe na mwembe wa pili usiochanjwa wa kulinganisha. Hilo peke yake ni somo zima la majaribio.

Daftari la Miti

Sasa nieleze nipendekezalo. Kila shule na iwe na daftari moja gumu, lisilo mali ya mwalimu wala ya darasa, bali la shule. Liitwe Daftari la Miti. Kazi yake ifanywe hivi:

1. Chagueni miti michache, tuseme 10, iliyo shuleni na jirani. Ipeni namba, na andikeni jina la kila mti kama wenyeji wanavyouita. Ihakikishwe kuwa ipo angalau miwili ya aina moja iliyo karibu, ili ilinganishwe.

2. Katika kila mti chagueni ncha 20 za matawi zinazofikiwa kwa macho, 5 kwa kila upande, na muzitie alama ya kamba au rangi. Wakati wa maua hesabuni ncha ngapi zimechanua. Wakati wa matunda hesabuni ngapi zimebeba. Andikeni na upande wake.

3. Wekeni kopo lenye kuta zilizonyooka mahali pa wazi, na kila asubuhi baada ya mvua zamu ya wanafunzi ipime kina cha maji kwa rula, kwa milimita, kisha imwage. Jumla ya kila mwezi iingizwe katika Daftari.

4. Kila ukurasa uwe na tarehe, darasa, na majina ya waliohesabu. Lisilopimwa liachwe wazi. Ni afadhali nafasi tupu kuliko namba ya kubuni.

5. Mwisho wa mwaka darasa lililoshika Daftari lilikabidhi kwa darasa linalofuata, mbele ya shule, na msomaji mmoja asome matokeo kwa sauti.

Mwaka wa kwanza watoto wataweza kulinganisha tawi na tawi. Mwaka wa pili wataona kama ncha zilizobeba mwaka jana ndizo zilizokosa mwaka huu. Lakini wasiruhusiwe kusema lolote la hakika kuhusu mvua mpaka wawe na miaka mitano au zaidi, maana miaka miwili ikifuatana na mvua mbili tofauti haithibitishi kitu. Kujizuia huko ndiko kiini cha somo.

Najua pingamizi zitakazotolewa. Ya kwanza ni kwamba muhtasari ni mrefu na mtihani hauulizi mambo ya daftari. Najibu kuwa kuhesabu miti kwahitaji vipindi vichache tu kwa mwaka, na katika vipindi hivyo hufundishwa ua, tunda, chakula cha mmea, kipimo, wastani na grafu, ambavyo vyote vimo katika masomo. Ya pili ni kwamba mwalimu huhamishwa. Hiyo ndiyo sababu daftari ni la shule. Mwembe haupewi uhamisho. Na anayekuja aukute na historia yake.

Ya tatu ni nzito zaidi: yaani mwalimu atapoteza heshima akisema "sijui, tuhesabu". Hofu hii naielewa, maana ndiyo iliyoniponza. Lakini fikiri juu ya watu wa Uingereza ambao tangu mwaka 1980 wamekuwa wakirudi kila mwaka chini ya miti ileile ya Fagus, wakiokota mbegu kwa dakika 7 kila mti, na kuzihesabu. Kazi hiyo yaweza kuonekana ya kitoto. Baada ya takriban miaka 40, katika taarifa iliyochapishwa mwaka 2020, hesabu hizo zilidhihirisha jambo ambalo asingeweza kulijua mtu wa mwaka mmoja: kadiri hali ya hewa inavyozidi joto, miti ile inapoteza tofauti kati ya mwaka wa mbegu nyingi na mwaka wa mbegu chache, na hivyo wadudu wanapata chakula kila mwaka na kuharibu sehemu kubwa zaidi ya mbegu. Kopo, rula, daftari na uvumilivu vyatosha kuanza kazi ya namna hiyo, na vitu hivyo havikosekani katika shule zetu.

Mwalimu mwenzangu, utakapofika katika kituo chako cha kazi, usingoje uulizwe. Wachukue wanafunzi wako hadi chini ya mwembe, uwaulize wewe: upande gani ulizaa mwaka jana? Watabishana. Wengine watasema wa mashariki, wengine wa magharibi, na hapatakuwa na wa kuamua, kwa sababu hakuna aliyeandika. Hapo toa daftari jipya, andika tarehe juu ya ukurasa wa kwanza, na mkabidhi kalamu yule aliyebisha kuliko wote.